S46, S56, S53 au M77: msimbo upi kwa jeraha la msuli wa mkono na kiwiko?

Wagonjwa wanne wanafika hospitali moja ya Tanga ndani ya wiki moja. Kuli wa bandarini alinyanyua gunia, akasikia kitu kimekatika mbele ya kiwiko. Mkwezi wa Pangani alianguka kutoka mnazini, akatua kwa bega, na sasa mkono haupandi. Mkata mkonge wa Muheza anaumwa upande wa nje wa kiwiko tangu mwezi uliopita na hakumbuki kuanguka wala kugongwa. Dereva wa bodaboda aliteleza peke yake barabarani, akajikinga kwa kiganja, kiwiko kikavimba. Wote wanamwambia daktari kwamba mkono umeteguka, lakini hakuna wawili wanaostahili msimbo mmoja.

Ulinganisho huu ni kwa watunza kumbukumbu za afya, makarani wa bima na matabibu wanaojaza fomu wenyewe. Tunazungumzia ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ile iliyoidhinishwa 1990 na kuanza kutumiwa na nchi wanachama 1994. Toleo la Kimarekani na ICD-11 tutayafikia baadaye, kwa sababu yanawachanganya watu wengi.

Kabla ya kutazama tarakimu yoyote, faili lijibu maswali matatu: ni tishu gani iliyoumia, iko wapi, na iliumizwa na nguvu ya namna gani. Fuata mpangilio huo. Wengi huanza na "wapi" kwa kuwa ndilo jambo rahisi kuliona, na hapo ndipo ligamenti, inayounganisha mfupa na mfupa, inapoandikwa kama msuli.

| Kundi | Linachukua nini | Halichukui nini |
|---|---|---|
| S46 | Jeraha la msuli au kano, begani na mkono wa juu | Msuli au kano ya kwenye kiwiko na chini yake |
| S56 | Jeraha la msuli au kano, kiwikoni na kigashani | Msuli au kano ya kwenye kifundo cha mkono na chini yake (S66) |
| S53 | Kiungo cha kiwiko na ligamenti zake: kuhama, kukatika, kuteguka | Msuli na kano |
| M77.0, M77.1 | Maumivu ya mashikio ya kano kiwikoni, ndani au nje, yatokanayo na kazi ya kurudiarudia | Jeraha la tukio moja |
| M66, M62.1 | Kano au msuli uliokatika bila nguvu kubwa | Mkatiko uliotokana na ajali |

S46 na S56: mpaka uko kiwikoni

Mpaka huu ndio unaoleta makosa mengi, nao umeandikwa wazi chini ya S46 kwenye Juzuu ya 1 ya ICD-10: majeraha ya misuli na kano ya kwenye kiwiko au chini yake yaende S56. Kiwiko kwa hiyo ni mali ya kigasha, si ya mkono wa juu. Ndiyo maana kundi zima la S50 hadi S59 linaitwa majeraha ya kiwiko na kigasha.

Tatizo linakuja kwa misuli inayovuka kiungo. Baisepsi inaanzia begani, inapita mbele ya mkono wa juu, na kano yake ya chini inajishika kwenye mfupa wa radiasi, sentimita chache chini ya kiwiko. Kuli wetu amekata kano hiyo ya chini. Ukifuata mahali penye maumivu utaandika S56. Ukifuata jina la msuli utaandika S46.2, yaani msuli na kano ya sehemu nyingine za baisepsi, na huo ndio sahihi. Faharasa ya Juzuu ya 3 inapeleka baisepsi kwenye S46 kwa jina lake. Msuli uliotajwa kwa jina hufuata faharasa. Kigezo cha mahali kinatumika pale jina halipo.

Traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, ni vivyo hivyo. Kano yake ikikatika kwenye ncha ya kiwiko, jibu ni S46.3, ingawa kidole cha daktari kinabonyeza kiwiko chenyewe. Lakini picha ya eksirei ikionyesha kwamba kano imeng'oka na kipande cha mfupa wa ncha ya kiwiko, kinachoongoza ni mvunjiko, S52.0.

Ndani ya S46 tarakimu ya nne, ile ya baada ya nukta, inachagua hivi: .0 ni kano za mzunguko wa bega, .1 ni kichwa kirefu cha baisepsi, .2 sehemu nyingine za baisepsi, .3 traisepsi, .7 misuli zaidi ya mmoja, .8 misuli mingine (deltoidi na brakialisi zinaangukia hapa), .9 msuli usiotajwa. Tofauti ya .1 na .2 si ndogo. Kichwa kirefu hukatika juu, karibu na bega, hasa kwa watu wa makamo, na wengi hutibiwa bila kupasuliwa. Kano ya chini ikikatika kabisa kwa mtu anayeishi kwa kubeba mizigo, mara nyingi upasuaji hufikiriwa mapema, ndani ya wiki chache za mwanzo, kabla kano haijajikunja na kupanda juu. Mkaguzi wa bima akiona S46.1 kwenye dai la kurekebisha kano mbele ya kiwiko, ana kila haki ya kuuliza.

Ndani ya S56 kinachochagua ni kazi ya msuli, hakuna jina. S56.0 ni misuli inayokunja kidole gumba, S56.1 inayokunja vidole vingine, S56.2 misuli mingine ya kukunja. S56.3 ni ya kunyoosha au kutanua gumba, S56.4 ya kunyoosha vidole vingine, S56.5 misuli mingine ya kunyoosha. S56.7 ni misuli zaidi ya mmoja, S56.8 ni mingine na isiyotajwa. Kwa jeraha la kiwikoni, mbili zinazotumika zaidi ni .2 na .5: misuli ya kukunja kifundo cha mkono inaanzia upande wa ndani wa kiwiko, ya kunyoosha upande wa nje. Kwa hiyo daktari akiandika tu "msuli umechanika, ndani ya kiwiko, baada ya kuvuta jarife," una mwelekeo wa S56.2, lakini mrudishie athibitishe. Kukisia si kazi ya masjala.

Mifupa ina mpaka wake mwingine: ncha ya chini ya mfupa wa mkono wa juu ni S42.4, ingawa ni sehemu ya kiwiko. Usiipeleke S52.

S56 na S53: msuli au ligamenti?

Dereva wa bodaboda yuko hapa. Alitua kwa kiganja, nguvu ikapanda hadi kiwikoni, eksirei haina mvunjiko, na maumivu yanaongezeka kiungo kinaposukumwa kwa upande. Hiyo ni ligamenti: S53.4. Ligamenti ikikatika kabisa, ya upande wa nje ni S53.2 na ya upande wa ndani ni S53.3. Kichwa cha radiasi kikihama ni S53.0, kiwiko kizima kikihama ni S53.1.

Kinachotenganisha mawili haya kitabibu, na kinachopaswa kuonekana kwenye maelezo ya faili, ni jinsi maumivu yanavyojibu. Msuli ulioumia huuma mgonjwa anapoutumia mwenyewe dhidi ya mkono wa daktari: akunje, anyooshe, akaze ngumi. Ligamenti huuma kiungo kinapovutwa na daktari huku misuli imelegea. Kama faili linasema "kiwiko kimevimba, kinauma" na hakuna zaidi, hata S53.4 ni kukisia. Pengine ni kuvilia damu tu, S50.0.

Mkata mkonge mwingine, aliyejikata kwa kisu kigashani na kano ikaonekana, anahitaji misimbo miwili: S56 kwa kano na S51 kwa jeraha la wazi (S51.0 kiwikoni, S51.8 sehemu nyingine za kigasha). Hali kuu ni ile iliyosababisha matibabu zaidi kwa ujio huo, na kano iliyoshonwa chumba cha upasuaji huishinda ngozi. Neva ikiwa imeguswa, ongeza S54. Mshipa wa damu, S55.

S na M: tukio moja au miezi ya kazi?

Sura ya XIX, ya herufi S na T, ni ya majeraha. Sura ya XIII, herufi M, ni ya magonjwa ya misuli, viungo na tishu unganishi. Mkata mkonge wa Muheza hana siku ya kuumia. Ana msimu wa kazi. Maumivu kwenye nundu ya mfupa upande wa nje wa kiwiko, yanayozidi akishika kisu na kukunjua kifundo, ni M77.1. Upande wa ndani ungekuwa M77.0. Kumwandikia S56.5 kunasema kwamba kuna jeraha lililotokea siku fulani, na mwajiri au mfuko wa fidia watauliza siku hiyo ni ipi. Kwa mgonjwa wa namna hii, msimbo wa nyongeza Y96 unaonyesha hali inayohusiana na kazi. Tumia huo pale daktari alipoandika kwamba kazi ndiyo chanzo.

Begani uchaguzi huu unakuwa mkali zaidi. Kano za mzunguko wa bega zikichanika, ICD-10 inaziweka M75.1 isipokuwa imetajwa kwamba ni kwa ajali. Bila neno "alianguka" ndani ya faili, mkwezi wetu wa Pangani angeandikiwa ugonjwa wa uchakavu. Kwa kuwa alianguka na bega likaumia papo hapo, ni S46.0.

Kuna mtego wa tatu, nao ni wa hila. M66 ni mkatiko wa kano usiotokana na ajali, na maelezo yake yanatoa kipimo: nguvu ya kawaida imetumika kwenye tishu iliyo dhaifu kuliko kawaida. Nguvu isiyo ya kawaida kwenye tishu nzima ni jeraha, herufi S. Mtu aliyechomwa sindano za steroidi mara kadhaa kwenye kano, au anayetumia dawa za kundi la siprofloksasini, akisikia kano imekatika alipoinua ndoo ya maji, hapo daktari ana sababu ya kufikiria M66. Kuli mwenye afya na gunia zito hayumo.

Na M62.6? Ukitafuta "kukaza msuli" kwenye kompyuta, M62.6 hutokea haraka na kuvutia. Soma mstari wa chini yake: jeraha la sasa limetolewa humo, lipelekwe kwenye msuli husika kwa eneo la mwili. Mtu aliyechanika msuli jana hana nafasi M62.6.

Hapo tufike kwenye jambo ambalo hata wenye uzoefu hupitiwa nalo. Sura ya XIII ina tarakimu ya hiari ya kuonyesha eneo, na kwenye orodha hiyo kiungo cha kiwiko kimewekwa pamoja na mkono wa juu, namba 2. Namba 3, ya kigasha, inabeba kifundo cha mkono. Kwa hiyo maumivu ya kiwiko yasiyo na sababu inayojulikana ni M25.52, si M25.53. Kinyume kabisa na sura ya majeraha. Bandika karatasi ukutani kama ni lazima: kwenye S kiwiko kinashuka, kwenye M kinapanda.

Vinavyojifanya msuli uliochanika

Pwani yetu ina joto, na usaha ndani ya msuli si jambo la ajabu. Mgonjwa anasema aligonga mkono wiki mbili zilizopita, sasa umevimba, una moto, ana homa. Hiyo si S46. Usaha ukithibitishwa kwa altrasaundi au sindano, ni M60.0, na bakteria akijulikana kuwa stafilokoki aurea, ongeza B95.6.

Jingine ni kiwiko kilichochuliwa. Mtu anaumia, anapelekwa kwa mchuaji, anakandwa kwa nguvu na kunyooshwa kila siku. Baada ya wiki kadhaa kiwiko kinakataa kukunjuka, na eksirei inaonyesha mfupa mpya ndani ya msuli wa mbele. Huo ni M61.0. Kiwiko ni miongoni mwa sehemu zinazopatwa zaidi na tatizo hili, na kuchua jeraha bichi ni mojawapo ya vichocheo vyake. Tunasema wazi: anayefunga faili la jeraha jipya la kiwiko ahakikishe mgonjwa ameambiwa asichuliwe.

Kigasha kilichobana kama jiwe, maumivu yasiyolingana na jeraha, vidole vikinyooshwa mgonjwa anapiga kelele: T79.6, msuli kukosa damu baada ya jeraha, na hapo msimbo usubiri, mgonjwa akimbizwe. Plasta au bandeji iliyobana ni mojawapo ya sababu.

Akirudi baada ya mwaka mmoja au zaidi na ulemavu wa jeraha la zamani, kinachotangulia ni tatizo alilonalo leo, kwa mfano M24.5 kwa kiungo kilichokakamaa, kikifuatiwa na T92.5, matokeo ya jeraha la msuli na kano ya mkono. Kurudia S46.2 hapo ni kuhesabu jeraha moja mara mbili.

Sababu ya nje

Kila msimbo wa S unastahili mwenzake wa sababu. Kuli: X50, kutumia nguvu kupita kiasi, na tarakimu ya nne ya mahali, bandari inaingia .8, hivyo X50.8. Mkwezi: W14, kuanguka kutoka mtini, shambani ni .7, hivyo W14.7. Misimbo ya usafiri haina tarakimu ya mahali. Ya nne inaonyesha mtu alikuwa nani kwenye chombo. Dereva wa pikipiki aliyeanguka barabarani bila kugongana ni V28.4, abiria wake V28.5. Kwa baiskeli, ambazo Tanga ni nyingi mno kusahaulika, mwendeshaji wa namna hiyo ni V18.4. Angalia kwamba maelezo ya PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kama ipo, na msimbo wa V havipingani.

ICD-10 ya WHO, ya Kimarekani, au ICD-11?

Ukitafuta "baisepsi" kwenye intaneti, kinachokuja kwanza karibu daima ni misimbo ya Kimarekani, ICD-10-CM. Utaona S46.211A. Isome hivi: S46.2 ni ileile ya WHO, 1 inayofuata ni kuchanika kwa kuvutwa, 1 ya pili ni upande wa kulia, A ni matibabu ya awali. D ni ufuatiliaji, S ni matokeo ya baadaye. Mfumo uliopangwa kwa tarakimu nne utaukataa, au mbaya zaidi utaupokea na kuukata.

Wengi husema: basi futa zilizozidi. Kwa S46 na S56 mara nyingi inafanya kazi. Kwa sababu za nje inaharibu. X50.0XXA ya Kimarekani ni nguvu kupita kiasi kwa kunyanyua mzigo, X50.0 ya WHO ni nguvu kupita kiasi nyumbani. Kuli aliyeumia bandarini amehamishiwa sebuleni kwake kwa kukata herufi tatu, na fidia ya kazini inategemea mstari huo huo. Toleo la Kimarekani litumike pale tu mlipaji alipolidai kwa maandishi, kwa mfano bima ya kigeni.

Faida moja ya kweli ya Wamarekani ni upande wa mkono. ICD-10 ya WHO haina kulia wala kushoto kwa majeraha haya. Andika upande kwa maneno kwenye fomu, kila mara. Misuli ya mikono yote miwili ikiumia, WHO inakupeleka T06.4, wakati Mmarekani anaandika misimbo miwili.

ICD-11, iliyopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani Mei 2019 na kuanza Januari 2022, imechukua mgawanyo uleule: NC16 kwa misuli ya bega na mkono wa juu, NC36 kwa kigasha. Upande unaongezwa kwa msimbo wa nyongeza baada ya alama ya &, kulia ukiwa XK9K na kushoto XK8G. Anayeelewa mpaka wa S46 na S56 hatapata tabu. Ila usichanganye matoleo mawili kwenye fomu moja. Tumia lile ambalo mfumo wa hospitali yako na mlipaji wako wamekubaliana.

Daktari aandike nini?

Linganisha mistari miwili. "Jeraha la mkono" inampa karani T11, ambayo haisemi lolote. "Kano ya chini ya baisepsi imekatika, kulia, alinyanyua gunia bandarini leo asubuhi, ngozi haijachanika, mapigo na hisia za vidole sawa" inatoa S46.2 na X50.8 bila simu hata moja, na inaeleza kwa nini hakuna S51, S54 wala S55. Mstari wa pili unachukua nusu dakika kuuandika. Masjala ikikosa mstari huo, ipeleke faili kwa daktari siku hiyohiyo, akiwa bado anamkumbuka mgonjwa. Baada ya wiki mbili atajibu kwa kukisia, na kukisia kwake kutakuwa rekodi.